‘Ndiyo’ isiyotoka moyoni



Dominika ya leo napenda tutafakari pamoja juu ya neno fupi ambalo kila mmoja wetu hulitamka mara nyingi kwa siku: neno “ndiyo”. Ni neno zuri. Bikira Maria alikubali pale Nazareti, na Neno akatwaa mwili. Maharusi hulitamka mbele ya altare. Shemasi hulitamka mbele ya askofu siku ya kupewa daraja. Lakini ipo “ndiyo” nyingine ambayo haitoki moyoni. Hiyo hutoka kwenye hofu. Mtu huitamka akitabasamu huku tumbo limemkaza, na akishageuka tu huanza kujilaumu njia nzima: kwa nini nimekubali tena?

Nazungumzia tabia ya kutaka kumpendeza kila mtu. Walio nayo mara nyingi si watu wabaya. Ni wale tunaowasifu kwamba ni “watu wa watu”. Hawagombani na mtu, hawakatai kazi, kamati zote wamo, michango yote wametoa au wameahidi. Ndiyo maana tatizo lenyewe huchelewa kutambulika. Mlevi huonekana barabarani, lakini mtu anayeangamizwa na kuwapendeza wengine hupigiwa makofi mpaka siku anapoanguka.

Sahihi iliyowekwa kwa haya

Tuchukue mfano ambao wengi mtautambua. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ni mwanachama wa Saccos. Jioni moja mwenzake wa kazini anamfuata nyumbani na fomu ya mkopo. Anahitaji wadhamini wawili, na mmoja ameshapatikana. “Kaka, nimebaki na wewe tu,” anamwambia. Mwalimu anafahamu kwamba mwenzake ana madeni kwingine. Anafahamu pia kwamba akiba yake pale kwenye Saccos ndiyo ada ya binti yake anayesubiri kwenda chuo. Kila kitu ndani yake kinasema hapana. Lakini mwenzake ameshafika, amekaa kwenye kiti, amekunywa chai. Wamezikiana wazazi. Atamtazamaje kesho ofisini? Mwalimu anasema, “Hamna shida, kaka,” kisha anaweka sahihi.

Baada ya miezi kadhaa marejesho yanasimama. Simu ya mkopaji haipatikani. Saccos inafanya kile ambacho fomu ilisema tangu mwanzo: inashika akiba za wadhamini. Mke wa mwalimu anakuja kujua siku ya kulipa ada. Halalamiki sana kuhusu fedha. Anauliza swali moja tu: “Siku ile ulipokuwa unaweka sahihi, mimi na mtoto tulikuwa wapi?”

Ndugu msomaji, swali hilo la mama ndilo kiini cha tafakari yetu ya leo. Kila “ndiyo” ina “hapana” ndani yake. Ukimkubalia aliye mbele yako kwa kuogopa uso wake, upo uwezekano kwamba umemkatalia mtu ambaye hayupo hapo kujitetea. Mara nyingi mtu huyo ni mke, ni mume, ni mtoto, ni mzazi mzee kijijini. Tunawanyima wale tulio na hakika kwamba hawatatuacha, ili tuwape wale tunaoogopa kwamba watatununia. Kuwapendeza watu kuna gharama, na bili yake hupelekwa kwa watu wa nyumbani.

Na urafiki wenyewe uliokuwa unalindwa umekwenda wapi? Wale walimu wawili sasa wanakwepana. Mmoja akiingia ofisini, mwingine anatoka. Yoshua bin Sira, aliyeandika Yerusalemu karne ya pili kabla ya Kristo, alishaliona jambo hili. Anaonya kwamba yupo mtu anayemwahidi rafiki yake jambo kwa sababu ya haya tu, na kwa njia hiyo anajipatia adui bila sababu (YbS 20:23). Kuhusu udhamini anaongea kwa kipimo: mtu mwema humdhamini jirani yake, lakini udhamini umewafilisi wengi waliokuwa na maisha mazuri. Basi anashauri tumsaidie jirani kadiri ya uwezo wetu, tukijiangalia tusianguke sisi wenyewe (YbS 29:14-20). Hakatazi kusaidia. Anakataza kusaidia bila kujipima.

Haya ni za aina mbili

Katika malezi yetu, kuwa na haya ni sifa. Mtoto asiye na haya tunamwogopa. Maandiko hayapingani na malezi hayo, ila yanatufundisha kupambanua. Huyo huyo Yoshua bin Sira anasema ipo haya inayoleta heshima na neema, na ipo haya inayoleta dhambi (YbS 4:21). Baadaye, katika sura ya 41 na ya 42, anataja mambo ambayo mtu ayaonee haya, na mengine ambayo asiyaonee haya hata kidogo.

Haya inayoleta heshima humzuia mtu asiibe, asimdharau mzazi, asiseme ovyo. Haya inayoleta dhambi humzuia mtu asiseme ukweli, asiulize mahesabu ya kikundi, asimwambie rafiki kwamba anapotea. Zote mbili huitwa haya, na zote mbili humfanya mtu ainamishe macho. Lakini ya kwanza inalinda wema, na ya pili inalinda jina letu machoni pa watu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilitazama jambo hili kwa makini katika kitabu chake kikuu cha teolojia. Anafundisha kwamba kuishi na watu kwa upole na uchangamfu ni fadhila, tena anaihusisha fadhila hiyo na haki. Maana yake, jirani yangu anastahili kupata kwangu uso mwema na neno la adabu, simfanyii hisani. Lakini anaendelea kusema kwamba mtu mwenye fadhila hiyo hataogopa kumhuzunisha mwenzake pale ambapo huzuni hiyo italeta jema au itazuia baya. Anayetaka kupendeza katika kila jambo, hata penye ubaya, ameshavuka mpaka wa upole. Na akifanya hivyo kwa kutafuta faida yake, Thomas anamwita kwa jina lake: mwenye kujipendekeza.

Basi tofauti ni hii. Mpole anamtazama mwenzake na kujiuliza: ni nini kitamfaa huyu? Anayependeza watu anamtazama mwenzake na kujiuliza: huyu atanionaje? Kwa nje wanafanana sana. Wote wawili wanatabasamu, wote wawili wanabeba viti baada ya mkutano. Ndani, mmoja anampenda jirani na mwingine anamwogopa.

Tujichunguze

Kabla ya kitubio Kanisa hutualika tuchunguze dhamiri. Basi usiku mmoja, nyumba ikishatulia, jiulize maswali yafuatayo bila kujihukumu haraka.

Je, simu ikiita na ukaona jina fulani, moyo unashuka hata kabla hujasikia shida yenyewe, kwa sababu unajua utakubali tu?

Je, ukiwa na fulani unamlaumu mwenzake, na ukiwa na mwenzake unamlaumu fulani, na wote wawili wanaamini kwamba uko upande wao?

Je, mtu mmoja akikununia unakosa usingizi, hata kama ulichofanya kilikuwa cha haki?

Je, nje wanakuita malaika na nyumbani wanakuogopa? Wapo watu ambao uvumilivu wao wote huishia kazini, mtaani na kanisani, na wakifika nyumbani hubaki na makombo tu: ukali, uchovu na kimya.

Je, unaweka daftari la siri moyoni? “Harusi ya mwanawe nilichanga, msiba wa mama yake nilikesha, leo nimelazwa hata kuja kuniona hakuna.” Ukiona daftari hilo linajaa, tambua kwamba mengi uliyoyaita zawadi yalikuwa mikopo, na waliokopeshwa hawakuambiwa.

Na swali la mwisho linatuhusu sana sisi wa ukanda huu. Kwetu neno “hapana” linasikika kama tusi, kwa hiyo tumelitafutia mapazia. Tunasema “tutaona”. Tunasema “nipo njiani” huku hata kuoga hatujaoga. Zito zaidi, tunasema “Mungu akijalia” wakati tumeshaamua kwamba hatuendi. Mtume Yakobo alitufundisha kuyaweka mapenzi ya Bwana mbele ya mipango yetu (Yak 4:15), ili tukumbuke kwamba kesho si yetu. Sisi tumeyageuza kuwa njia ya kukwepa. Mungu amejalia, afya ipo, nauli ipo. Aliyekataa ni mimi, lakini namsingizia Yeye. Tukumbuke kwamba amri ya pili inalinda jina la Mungu hata dhidi ya adabu zetu za uongo.

Mizizi yake

Kwa wengi mzizi uko utotoni. Mtoto aliyelelewa na baba mkali au mlevi hujifunza mapema kusoma uso wa mtu. Akisikia mlango unafunguliwa, anapima sauti ya nyayo: leo kuna amani au hakuna? Anajifunza kwamba usalama wake unategemea kumfurahisha mkubwa. Akiwa na miaka arobaini bado anapima nyayo, sasa za bosi, za mkwe, za mwenyekiti wa kikundi. Mwingine alipendwa pale tu alipofanya vizuri, akaamini kwamba upendo ni mshahara, na kwamba siku asipofanya kazi hatalipwa.

Mzizi mwingine ni maisha yetu ya kutegemeana. Tuseme ukweli, hofu hii haina upuuzi ndani yake. Watu huulizana, “Ukifa utazikwa na nani?” Katika mitaa yetu, jirani ndiye gari la wagonjwa usiku, jirani ndiye bima, jirani ndiye anayechimba kaburi. Asiyechangia anakumbukwa. Kwa hiyo simfundishi mtu hapa kujitenga na watu akafunga geti lake. Anayejitenga hivyo hajapona. Ameubadilisha tu ugonjwa wake, akaenda kwenye choyo. Lakini hata wazee wetu waliosifu ukarimu waliuwekea mpaka. Ndio waliosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba ukarimu usio na kiasi humchosha mwenyeji, na mwenyeji aliyechoka mwisho humchukia mgeni wake.

Upo na mzizi ambao hatupendi kuutaja, nao ni kiburi. Ni vitamu kuambiwa “bila wewe tusingeweza”. Mtu anaanza kujiona hawezi kukosekana, na kila “hapana” anaiona kama kushushwa cheo. Kwake tukumbushane kwa upendo kwamba Mkombozi ni mmoja, na nafasi hiyo imeshajazwa.

Hapa niweke angalizo. Si kila anayesema “ndiyo” kwa hofu ana kosa. Dada wa kazi anayelazimishwa jambo na tajiri wake, mwanafunzi anayetishwa na mkubwa, mke anayenyamaza kwa sababu akisema anapigwa, hao hawasumbuliwi na kutaka kupendeza. Wanaonewa. Mtu wa namna hiyo hahitaji mahubiri juu ya ujasiri. Anahitaji mtu wa kusimama naye na mahali salama pa kukimbilia. Tusije tukawatwisha wanaoonewa mzigo wa pili.

Pilato, Sauli na Petro

Tunapotafakari Mateso ya Bwana, tunamtafuta mwenye chuki. Lakini kwa Pilato hatuikuti. Aliona wazi kwamba makuhani wakuu walimtoa Yesu kwa husuda. Mwinjili Marko anatoa sababu ya hukumu kwa maneno machache: Pilato alitaka kuuridhisha umati (Mk 15:15). Basi. Mwana wa Mungu alipelekwa msalabani na hakimu aliyejua ukweli lakini akashindwa kuvumilia kelele. Kila mara ninapolisoma jambo hili naona kwamba kutaka kupendeza si udhaifu mdogo wa tabia. Ukimwachia mtu mwenye mamlaka, unaweza kumuua asiye na hatia.

Mfalme Sauli naye aliagizwa jambo na Bwana, akalifanya nusu. Samweli alipomuuliza, mwishowe alikiri kwamba aliwaogopa watu akaisikiliza sauti yao (1Sam 15:24). Lakini tazama kinachofuata. Hata baada ya kukiri, anamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake (1Sam 15:30). Ufalme unamtoka mkononi, na yeye bado anawaza wazee watamwonaje. Tabia hii ina mizizi mirefu kiasi hicho: inaweza kumfuata mtu mpaka ndani ya toba yake.

Tusikate tamaa, maana yupo pia Petro. Kule Antiokia alikuwa akila pamoja na Wakristo waliotoka mataifa. Walipofika watu fulani kutoka kwa Yakobo, akajitenga kwa kuwaogopa, na wengine wakamfuata, hata Barnaba. Paulo akampinga mbele ya wote (Gal 2:11-14). Petro huyu ndiye aliyekwisha kupokea Roho Mtakatifu siku ya Pentekoste, ndiye aliyesimama mbele ya Baraza bila kuogopa. Kumbe mtu anaweza kuwa jasiri mbele ya maadui na bado akawa mwoga mbele ya marafiki. Wengi wetu tuko hivyo. Na bado Petro ni mtakatifu, na mwisho aliutoa uhai wake kwa ajili ya Kristo. Woga wa siku moja haukuwa neno la mwisho juu yake.

Yesu alijua kukataa

Baadhi ya Wakristo wanadhani kumfuata Yesu ni kukubali kila ombi. Tusome tena Injili. Kule Kafarnaumu aliponya wengi jioni nzima. Alfajiri akaamka, akaenda mahali pasipo watu kusali. Simoni akamfuata na kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Sisi tungerudi mbio. Yesu anasema twende kwingine, kwenye vijiji jirani, akahubiri huko pia, maana ndicho alichokuja kufanya (Mk 1:35-38). Aliwaacha watu waliokuwa na shida za kweli, kwa sababu alijua alitumwa wapi. Na tuangalie alilijua wapi: katika sala. Asiyesali atasikia sauti ya mwenye kelele nyingi na kudhani ndiyo mapenzi ya Mungu.

Mtu mwingine alimtaka aingilie ugomvi wa urithi kati yake na ndugu yake. Yesu alikataa, akauliza ni nani aliyemweka kuwa mwamuzi wao (Lk 12:13-14). Umati ulipotaka kumfanya mfalme, alijitenga mlimani (Yn 6:15). Yeye aliyekubali msalaba hakukubali kila kitu. Alikubali msalaba kwa sababu Baba alitaka, na alikataa ufalme kwa sababu watu ndio waliotaka.

Hata Msamaria mwema tunamsoma haraka mno. Alimfunga majeruhi vidonda, akampeleka kwenye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kurudi, kisha akaendelea na safari yake (Lk 10:35). Alisaidia kweli, kwa fedha yake na muda wake. Ila hakuiacha safari yake, na wala haikuwa dhambi kumkabidhi mwenye nyumba sehemu ya kazi.

Mtumishi aliyemwambia Kabaka ukweli

Kanisa letu la Afrika Mashariki lina mfano wake. Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa msimamizi wa vijana waliohudumu katika ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Kazi yake ilikuwa kumtumikia mfalme, na aliifanya kwa uaminifu. Lakini alipowaona vijana wakitakiwa mambo machafu, aliwalinda. Na mwezi Oktoba 1885, Askofu James Hannington wa Kianglikana alipouawa kule Busoga kwa amri ya Mwanga, Mukasa alimweleza mfalme waziwazi kwamba amekosea. Tuone vizuri: Mukasa alikuwa Mkatoliki, na Hannington hakuwa wa Kanisa lake. Angeweza kunyamaza na hakuna aliyeketi naye ambaye angemlaumu. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Ndiye wa kwanza kati ya mashahidi Wakatoliki 22 wa Uganda waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964.

Mukasa hakuwa jeuri. Hakumtukana mfalme wala kuacha kazi yake kwa kiburi. Alimheshimu kiasi cha kumwambia ukweli. Wazee walisema msema kweli mpenzi wa Mungu, nao hawakusema kwamba ni mpenzi wa kila mtu.

Tuanzie wapi?

Tabia ya miaka haiondoki kwa hubiri moja. Lakini kuna hatua ambazo mtu anaweza kuanza nazo wiki hii.

Kwanza, usijibu papo hapo. Anayependa kupendeza hushindwa katika dakika ya kwanza. Jifunze sentensi moja: “Nimekuelewa, naomba nikazungumze na mwenzangu nyumbani, kesho nitakupa jibu.” Kisha kweli nenda kazungumze, na kesho toa jibu. Ukiahidi kesho ukajificha, umerudi palepale.

Pili, hapana yako iwe fupi na ya kweli. “Uniwie radhi, kudhamini sitaweza.” Usimuuguze mama mzima wa afya, usizue safari ambayo haipo. Uongo wa kukataa huzaa uongo mwingine wa kuulinda. Kama kuna unachoweza, kiseme: “Laki moja sina, nina elfu kumi, nitakuletea Jumamosi.” Elfu kumi iliyofika inamsaidia mwenye harusi kuliko laki moja iliyoandikwa kwenye daftari la ahadi.

Tatu, familia ipange fungu la michango mwanzoni mwa mwezi. Baba na mama wakae, waone kipato, waondoe chakula, kodi, ada na sadaka, kisha waseme: kwa harusi, sendofu na misiba ya mwezi huu tuna kiasi hiki. Misiba ipewe nafasi ya kwanza, maana sherehe inaweza kupunguzwa, lakini jeneza haliwezi. Fungu likiisha, mnaweza kusema bila kuona aibu kwamba limeisha, na mnasema kwa sauti moja.

Nne, vumilia kununiwa. Hapa ndipo penye mapambano yenyewe. Ukishakataa, siku mbili tatu zitakuwa ngumu. Utatamani kupiga simu na kusema “basi nimebadili mawazo”. Usipige. Mwache mwenzako akasirike. Hasira yake si hukumu ya Mungu. Mchukue hasira yako mwenyewe na hofu yako uzipeleke kwenye sala. Bora lawama kuliko fedheha. Lawama hupita, lakini fedheha ya akiba iliyokwenda na ndoa iliyopasuka hukaa.

Tano, kama umeshanasa, usijifiche. Kitabu cha Mithali kinamwambia aliyejitia kwenye dhamana ya mwenzake aende upesi, ajinyenyekeze, asilale, ajinasue kama paa mkononi mwa mwindaji (Mit 6:1-5). Mweleze mwenzi wako leo, kabla barua haijafika. Nenda kwenye ofisi ya Saccos ukaulize hali ya deni ingali mapema. Mfuate mkopaji mkapange naye. Haya ndiyo iliyokuingiza. Usikubali ikufungie humo.

Na sisi tunaoomba

Lakini lipo jambo la mwisho. Tusiwatwishe kazi yote wale wanaoshindwa kukataa. Tunao wajibu sisi tunaoomba. Jumuiya ambayo mtu hawezi kusema “sina” bila kusengenywa inazalisha waongo. Kamati ya harusi inayosoma kwenye kundi la WhatsApp majina ya wasiotoa haikusanyi upendo, inakusanya hofu. Hata kanisani, ahadi zinazotangazwa kwa sauti ili jirani asikie zinaweza kumfanya mjane aahidi asichokuwa nacho. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa kulazimishwa (2Kor 9:7). Viongozi wa jumuiya, wazee wa ukoo, na sisi watumishi wa altare, tujifunze kuuliza kwa namna inayomwachia mtu nafasi ya kukataa. Na mtu akikataa, tumshukuru kwa kuwa mkweli, tumsalimie kesho yake kama kawaida. Wazazi tuanze na watoto: mtoto anayesema hapana kwa adabu asiitwe jeuri. Leo akiweza kumwambia mama hapana kwa heshima, kesho ataweza kumwambia hapana anayetaka kumharibu.

Bwana wetu alisimulia juu ya baba aliyekuwa na wana wawili. Aliwataka waende kufanya kazi katika shamba la mizabibu. Mmoja alikataa, baadaye akatubu akaenda. Mwingine aliitikia vizuri sana, kwa heshima zote, asiende (Mt 21:28-31). Mwana huyo wa pili alimpendeza baba yake kwa dakika moja, na shamba likabaki na magugu. Wa kwanza alimchukiza kwa dakika moja, kisha akafanya alichotaka baba. Yesu aliwauliza wasikilizaji wake ni yupi aliyefanya mapenzi ya baba, na jibu halikumshinda mtu yeyote.

Wiki hii, ndugu yangu, chagua ombi moja tu ambalo umekuwa ukilikwepa kwa “tutaona”. Lipeleke kwenye sala, zungumza na wa nyumbani kwako, kisha mpe mwenzako jibu lililo kweli. Iwe ndiyo, iwe hapana, iwe yako mbele ya Mungu.

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.